Pua ya Marehemu

Mfyuu! Mtoto akitokea matangani na pua ya marehemu usoni, ndipo wanaume wa mtaa huu wanapokumbuka dini. Marehemu alipokuwa hai akivuka feri kwenda Likoni kila Alhamisi, nani alimuuliza? Namba ya yule mama wa Likoni kaihifadhi kwenye simu kwa jina la "Fundi Mabati". Fundi gani huyo anayetumiwa karo kwa M-Pesa kila muhula?

Tangu Mahakama ya Juu ya Kenya itoe hukumu tarehe 30 Juni 2025, hapa kahawani ni kelele tu. Na kesi yenyewe ya kwetu, imetoka papa hapa Mombasa: baba Mwislamu kafa, mali imebaki, watoto waambiwa hawarithi kwa kuwa mama zao hawakuwa na ndoa. Majaji wakasema kifungu cha 24(4) cha Katiba kimeiachia sheria ya Kiislamu nafasi, ila si nafasi ya kumwadhibu mtoto kwa waliyoyafanya wazazi.

Mmoja kapiga meza hadi dhumna zikaruka: "Ami, fiqhi iko wazi! Mtoto wa zinaa humrithi mamake, si babake!"

Iko wazi, sibishi, na mimi si kadhi. Tena serikali kutuingilia mirathi hata mimi hainipendezi. Lakini fiqhi hiyo hiyo imemwachia mtu hadi theluthi ya mali yake awausie wasio warithi. Mke hausiwi, mtoto wa ndoa hausiwi, hao wana mafungu yao. Sasa theluthi ile mwamwekea nani, paka? Na kuna hiba: kiwanja wampa leo, akishike leo, ufe ukiwa huna deni naye. Nikauliza nani hapa kaandika wosia. Wote wakainamia vikombe.

Waogopa bi mkubwa asije akaiona karatasi, basi. Fiqhi haimo. Mtu yuko radhi wanawe wakutane kwa mara ya kwanza mbele ya wakili, nyumba iuzwe kulipia kesi, mradi yeye asinuniwe usiku mmoja.

Na nyinyi wa kanisani msicheke. Sheria ya Urithi yenu yamtambua mtoto ambaye baba alimkubali kuwa wake, sawa, lakini baba aliyekubali kimyakimya akishazikwa, mama ndiye wa kuhangaika na picha na risiti za shule, huku mashangazi wakimsonya.

Kijana wa bodaboda, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza kama wosia lazima upite kwa wakili. Nikamwambia kwa Mwislamu hata wa mdomo wafaa, mbele ya mashahidi wawili waadilifu. Akatutazama mmoja mmoja, akazima pikipiki.

"Basi ami, wewe na huyu msiondoke."