Printa Inayoishi Marekani

Karatasi ya A4 ina urefu wa milimita 297. Ile ya Letter, wanayotumia Marekani na Kanada, ina 279. Ukisoma haraka utadhani mchapaji kapindua tarakimu, na tofauti yenyewe haizidi upana wa kidole gumba. Printa ya steshenari yetu haitaki kujua. Ikiletewa barua iliyopangwa kwa Letter huku tumboni ina rimu nzima ya A4, inawasha taa ya njano na kununa kama mke mwenza. Inadai karatasi ambayo Kariakoo yote sijaiona ikiuzwa.

Mteja amesimama hapo, ana usaili saa nne. "Kaka, mbona haitoi?" Nimjibuje? Kwamba programu imemhesabu kuwa mkazi wa Ohio?

Kinachoudhi ni kwamba kompyuta inajua fika iko wapi. Saa yake ni ya Dar es Salaam, sarafu ni shilingi. Karatasi tu ndiyo haijahamia, pamoja na tarehe, maana mwezi unatangulia. Kadi za harusi ya tarehe 4 Julai zilitoka zimeandikwa 7/4, na wajumbe wa kamati wakaanza kuulizana mbona wanadaiwa michango ya shughuli iliyopita Aprili. Setingi za kubadilisha yote haya zipo, sikatai. Ila ziko ndani ya menyu iliyo ndani ya menyu nyingine, na mteja wa saa nne hakuja kutalii.

Mpwa wangu anasoma mambo ya kompyuta chuoni, naye ana dawa. "Anko, nyie mnakula mnachopakuliwa. Weka Linux, kila kitu unapanga mwenyewe." Hachoki kunisimulia jinsi Linus Torvalds, muasisi wa Linux, alivyowajia juu watengenezaji wa GNOME, mojawapo ya sura za skrini ya Linux, mwaka 2005 kwa kupunguza machaguo, akidai wanawaona watumiaji wajinga, na akawashauri watu wahamie sura nyingine, KDE. Hoja nzuri. Likizo ilipofika nikamwachia mashine ya pili aipange atakavyo.

Akaipanga. Kisha akarudi chuo.

Asubuhi ile dada anayetuchapia kazi aliandika "Ndugu", skrini ikaleta "Begig". Akafuta, akaandika taratibu huku akitazama vidole vyake. Begig. Vitufe vimeandikwa vilevile kama siku zote, lakini ndani yake kijana alikuwa ameweka Dvorak, mpangilio wa herufi uliopewa hataza Marekani mwaka 1936, ambao wapenzi wake wanaapa kwamba unaongeza kasi. Salamu ya "shikamoo" ikawa "odctamrr". Herufi zilizobaki mahali pake ni a na m tu, hivyo katika barua nzima ya kuomba ruhusa ya kwenda msibani neno lililotoka salama lilikuwa "mama". Tulilitazama kwa heshima.

Mtu mwenye mashine yake peke yake na azigeuze herufi kichwa chini miguu juu, ni haki yake. Lakini mashine nyingi mjini huku zina zaidi ya mtumiaji mmoja, na uhuru wa aliyetangulia ndio unakuwa amri kwa anayefuata. Mimi napenda kuwa na uwezo wa kuchagua. Nisichopenda ni kulazimika kuchagua kabla sijanywa chai.

Nilipompata mpwa wangu kwenye simu, skrini ilikuwa imeshajifunga.

"Neno la siri ni jina la steshenari, Anko."

Nikaandika. Ikakataa. Nikarudia, ikakataa tena.

"Ah, samahani. Liandike kwa Dvorak."

Siku hizi neno la siri la mashine ile ni fupi, la herufi nne, na linaandikika kwenye mpangilio wowote atakaoleta kijana. Msiniulize ni lipi.