Sajilini Kakamega Nzima

Kwa Mwenyekiti na Wanachama,
Bodi ya Usajili wa Mawakala wa Nyumba na Ardhi,
Nairobi.

MINT: OMBI LA USAJILI WA JUMLA

Mabibi na mabwana,

Sisi huku Kakamega hatujambo, tunauziana ardhi.

Sheria yenu ya mwaka 1984 inasema asiyesajiliwa nanyi asithubutu kufanya uwakala. Ni sheria nzuri. Ila ikifuatwa huku, mji utabaki na mahabusu watupu. Panda bodaboda Lurambi useme unaenda Shirere: kabla hamjaingia barabarani ushaulizwa kama unatafuta ploti. Kinyozi wa Amalemba ana ploti. Mwalimu mstaafu ana picha nyingi za ploti kwenye simu kuliko za wajukuu wake. Yupo pia mpwa wa mwenye shamba, ambaye mwenye shamba mwenyewe hamjui.

Naomba muwasajili wote, fomu moja, siku moja. Kuwashtaki hakulipi. Faini mliyopewa na sheria haizidi shilingi 20,000 na kifungo hakizidi miaka miwili. Sasa tuseme kuna ploti ya 50 kwa 100 karibu na Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Mwenyewe anataka 900,000. Dalali anamwambia mnunuzi ni milioni 1.2, bei ya mwisho, tena ni kwa sababu “wewe ni mtu wetu”. Hiyo 300,000 ndiyo cha juu, na muuzaji haambiwi ng'o. Bado kuna pesa ya kuonyeshwa, ya mafuta ya pikipiki na ya kushukuru. Mtu huyo mkimtoza 20,000 atawaomba risiti aitundike ukutani, ndiyo leseni yake.

Na kwa bidii hana mfano. Asubuhi ni mtu wa muuzaji, jioni ni mtu wa mnunuzi. Mfukoni ana nakala ya hati iliyokunjwa mara nne, ina jina la babu aliyezikwa zamani, na mirathi hakuna aliyeigusa. Ukitaja sachi ya ofisi ya ardhi, anaumia: “Yaani huniamini?” Ukitaja Bodi ya Kudhibiti Ardhi, ambayo bila idhini yake mauzo ya shamba la kilimo ni batili, anakwambia hayo ni ya watu wasio na haraka. Mkataba utaandikwa kwa liguru, mzee wa kijiji. Mwandishi ni yeye, shahidi ni yeye, na pesa atahesabu yeye ili msichoke. Mke wa muuzaji je? Alishakubali kwa simu. Simu alipiga dalali.

Wenye mashamba, kwa kuwasubiri ninyi, wamejiundia bodi zao: kibao cha mbao, rangi nyekundu, SHAMBA HILI HALIUZWI, na namba ya simu chini. Namba hiyo haitulii. Watu wanapiga kuuliza bei.

Mkija kukagua, tafadhali msishuke stejini na suti. Mtatembezwa ploti tatu kabla hamjafika hotelini, na ya kuonyeshwa ni 1,000 kila mmoja, mwenyekiti akiwemo. Hairudishwi.

Wenu katika kungoja hati,
Mkazi wa Kakamega