Pancha Apandishwe Cheo

Walimu wa Kiswahili humweka pancha katika ngeli ya I-ZI, pamoja na kalamu, meza na nguo. Pancha imeingia, pancha zimeingia. Huo ni uonevu. Kiumbe anayejichagulia saa ya kuja, anayejua kuotea siku ya mtihani na siku ya mvua, na ambaye akifika kila mtu husimama, anastahili ngeli ya A-WA, wanakokaa mbu, mjumbe na mkaguzi wa shule. Kwa hiyo katika makala haya amepandishwa cheo. Pancha haiingii tena. Anaingia.

Anayemfahamu vizuri kuliko wote ni mwalimu wa kijijini mwenye baiskeli. Si vigumu kumwona mwalimu wa aina hiyo katika vijiji vya kuelekea Hombolo, mkoani Dodoma, kwenye saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Baiskeli yake ni Phoenix nyeusi, ya Shanghai, nzito kama mlango wa bohari, yenye matairi ya inchi 28 na keria ya chuma. Kwenye keria yamelala madaftari ya Darasa la Tano yaliyosahihishwa usiku kwa mwanga wa simu. Kwenye bomba la mbele amekaa binti yake wa Darasa la Pili, miguu upande mmoja, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine umeshika kiazi kitamu. Wanafunzi wanaotembea kwa makundi humwamkia kabla hajawafikia. "Shikamoo mwalimu! Shikamoo mwalimu!" Naye huitikia marahaba kwa pumzi za kupanda kilima. Mara, chini kabisa, mtu wa tatu anatoa salamu yake: pssss.

Amefika.

Pancha hafanyi kazi peke yake. Katika nchi kavu kama Dodoma, ambako mvua hunyesha kati ya Desemba na Aprili na miezi mingine ni vumbi, ana mawakala waaminifu. Yuko mgunga, mti unaodondosha miiba mirefu myeupe kando ya njia za ng'ombe. Yuko mbigili, mmea mnyenyekevu unaotambaa chini na kutoa maua madogo ya njano ambayo hakuna anayeyashuku. Tunda lake likikauka hupasuka vipande vitano, na kila kipande kina miiba imara iliyopangwa kwa ufundi: kikianguka vyovyote vile, mwiba mmoja hauachi kutazama juu. Jeshi lingelipa fedha nyingi kwa silaha ya namna hiyo. Pancha huipata bure.

Desturi ya kumsifu mtu hudai pia nasaba yake itajwe, na ya pancha ina majina makubwa. Baiskeli za mwanzo hazikumjua. Zilikuwa na magurudumu ya mbao yaliyovishwa chuma, na Waingereza waliziita vitikisa mifupa. Mwaka 1844 Mmarekani Charles Goodyear alipata hataza ya kupika mpira pamoja na salfa ili usinate kwenye joto wala kukakamaa kwenye baridi. Mwaka uliofuata Mskoti Robert William Thomson alisajili tairi la upepo, watu wakalitazama, kisha wakalisahau. Ndipo akaja John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast. Mwanawe mdogo alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu iliyomtikisa vibaya kwenye barabara za mawe. Baba akachukua mpira mwembamba, akaukunja ukawa bomba, akaujaza upepo, akaufungia kwa kitambaa kwenye gurudumu la mbao. Mwaka 1888 alipewa hataza, ambayo baadaye ilitenguliwa kwa kuwa Thomson alikwisha kumtangulia.

Kwa maneno mengine, tairi la upepo tulijualo leo lilianza kama mchezo wa baba na mwanawe. Na siku upepo ulipofungiwa ndani ya mpira, pancha alipata nyumba.

Hakukaa bure humo. Mwaka 1889 mwendesha baiskeli mmoja alifika na tairi bovu kwenye kiwanda cha mpira cha ndugu wawili, André na Édouard Michelin, mjini Clermont-Ferrand, Ufaransa. Matairi ya wakati ule yalibandikwa kwa gundi kwenye rimu. Kulibandua lile, kuliziba na kulibandika upya kulichukua saa kadhaa, na gundi ikahitaji usiku mzima kukauka. Kesho yake Édouard aliipanda baiskeli, akaenda mita mia chache, pancha akarudi. Mtu mwingine angelaani. Ndugu hao walikwenda kubuni tairi linalovuliwa na kuvishwa kwa dakika chache, na mwaka 1891 Charles Terront akalitumia kushinda mbio za Paris hadi Brest na kurudi Paris, takriban kilomita 1,200, kwa muda usiofika saa 72. Mwaka uliofuata Michelin waliandaa mbio zao wenyewe na kumwaga misumari njiani, makusudi, ili ulimwengu uone jinsi pancha anavyozibwa upesi. Ni wageni wachache sana waliowahi kutandikiwa zulia la misumari.

Nasaba hiyo ina doa pia. Dunia ilipoanza kudai matairi, sehemu ya mpira ilikamuliwa kutoka kwenye mimea itambaayo ya misitu ya Kongo, nchi ambayo Mfalme Leopold II wa Ubelgiji aliimiliki kama shamba lake binafsi kuanzia 1885 hadi 1908. Wanavijiji walipangiwa kiasi cha mpira cha kuleta. Waliopungukiwa walichapwa viboko, wake zao walishikwa mateka, na watu walikatwa mikono. Hapo hakuna mzaha wa kufanya. Leo, mashariki mwa nchi hiyo hiyo, vijana wa Goma husukuma chukudu, chombo cha mbao chenye magurudumu ya mbao yaliyovishwa vipande vya tairi kuukuu, kikiwa na magunia ya mkaa na viazi. Chukudu haina upepo, kwa hiyo haimjui pancha, na mji umeisimamishia sanamu. Pancha hana sanamu popote.

Angalau watu wakiri kwamba hana upendeleo. Humwingia mwalimu, humwingia mganga wa zahanati, humwingia mkubwa mwenye gari la vioo vyeusi anayekimbilia mkutano wa kujadili hali ya mwalimu. Bodaboda nazo, ambazo jina na kazi yake vilianza na baiskeli zilizovusha watu mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, zimejipatia injini na honi ya kupasua masikio, lakini hazijampita. Mbele ya mbigili wote ni raia wa kawaida.

Tena pancha ni mwalimu, mwenzake yule mwenye baiskeli. Yapo mambo ambayo kitabu cha Sayansi huyaeleza kwa kurasa mbili na mchoro, naye huyamaliza njiani. Mpira wa ndani unapozamishwa kwenye karai la maji na mapovu yakapanda mfululizo kutoka mahali pamoja, mtoto wa Darasa la Tatu anaona kwa macho yake kwamba hewa inachukua nafasi na kwamba hukimbilia kwenye mgandamizo mdogo. Matundu mawili yaliyokaa sambamba, kama meno ya nyoka, humweleza kwamba tairi lilikuwa na upepo kidogo likabanwa kati ya jiwe na rimu. Tundu moja dogo lina mwiba wake, na mwiba hutafutwa ndani ya tairi kwa vidole, polepole, kwa sababu asiyeutoa ataziba leo na kuziba tena kesho.

Somo gumu zaidi ni solusheni, gundi ya kubandikia viraka. Mpira hukwanguliwa kwa msasa, au kwa kipande cha bati kilichotobolewa kwa msumari, hadi ung'avu utoke. Solusheni hupakwa, kisha hungojewa. Hapo ndipo wengi hufeli. Mwenye haraka hubandika kiraka ikiwa bado mbichi, akaondoka kwa mbwembwe, na baada ya mita mia mbili anakishuhudia kimeteleza kando kama kofia ya mlevi. Fundi baiskeli mzee, aliyekaa chini ya mwarobaini na pampu yake, hana haja ya kumkemea. Huongeza tu kigoda kingine. Kwenye kijiwe hicho, wakati solusheni inakauka, watu husikia nani kafiwa, bei ya zabibu imefikia wapi msimu huu, na kwa nini Simba au Yanga ilionewa na mwamuzi. Wilaya haijawahi kuitisha mkutano uliohudhuriwa vizuri namna hiyo.

Wapo wanaomshtaki. Mwalimu mkuu ana kitabu cha mahudhurio, na muda ukifika huchora mstari mwekundu. Mwalimu aliyesukuma baiskeli kilomita tatu hutia saini chini ya mstari, suruali imejaa vumbi, wakati rimu la gari lililoning'inizwa mtini limekwisha kugongwa na wanafunzi wako darasani. Sababu ya kuchelewa: pancha. Ikiandikwa mara nne kwa mwezi huanza kuonekana kama uzembe. Lakini pancha ana utetezi, na ni mzito. Si yeye aliyeiweka shule kilomita kumi kutoka alikopanga mwalimu. Si yeye aliyesahau kujenga nyumba za walimu, wala aliyeiacha njia bila kokoto tangu ichongwe. Yeye alikuta umbali upo, akaweka mwiba mmoja tu. Ajabu ni kwamba katika safu ya sababu huandikwa jina lake peke yake.

Hata akiondoka haachi watu mikono mitupu. Mpira wa ndani uliokwisha kujaa viraka hukatwa ukawa kamba za kufungia mizigo kwenye keria, manati za kufukuzia ndege mtamani, na raba ya kurekebishia valvu. Tairi lililochakaa hupewa watoto, ambao hulisukuma kwa fimbo kijiji kizima wakinguruma midomoni kama basi la kwenda Singida. Ni gari pekee mkoani lisilohitaji mafuta, na dereva wake hajawahi kulalamika.

Hisani yake kubwa zaidi, hata hivyo, huonekana Jumapili. Siku hiyo Phoenix haibebi madaftari. Mwalimu hukanyaga pedeli, mkewe hukaa kwenye keria akiwa na mtoto mchanga mgongoni na sufuria ya wali mapajani, binti hushika nafasi yake kwenye bomba, na safari ni ya bwawa la Hombolo kutazama wavuvi na ndege wa majini. Wangefika haraka kama pancha asingekuwapo. Wangetazama maji, wangekula, wangerudi, na mwalimu angekaa kusahihisha kabla jua halijazama. Pancha huwashusha wote chini ya mbuyu.

Chini ya mbuyu hakuna mtandao wa simu wala madaftari. Mke huchimba mashimo ya bao ardhini kwa kijiko, kete ni mbegu za ubuyu ambazo binti amekwisha kuzimumunya, na mchezo huanza huku tairi limelala kando kama mgonjwa anayesubiri daktari. Mwalimu, ambaye wiki nzima hakuna aliyembishia, hupoteza mchezo wa kwanza. Hupoteza na wa pili.

"Mwalimu," anasema mkewe akizikusanya kete, "leo wewe ndiye wa mwisho darasani."

Mtoto mchanga anacheka kwa sababu wengine wanacheka. Wali umekwisha, kwa hiyo sufuria inasuuzwa na maji yaliyobaki kwenye dumu yanamiminwa humo. Mwalimu anaujaza mpira wa ndani upepo kidogo na kuuzungusha majini, kipande baada ya kipande, shingo imepinda. Haoni kitu. Binti anapiga magoti upande wa pili, kidole tayari, pua karibu iguse maji. Povu moja linapanda, kisha lingine, kisha mkufu mzima.

"Baba, huyu hapa! Nimemshika!"

Mwalimu amefundisha ngeli kwa miaka kumi na tisa. Anamtazama binti, anatazama kile kidole kidogo kilichobana tundu, kisha anaingiza mkono mfukoni na kumpa msasa.