Nani Kanitumia Mgambo?

Ukuta wangu umepigwa rangi nyekundu na mgambo: SIMAMISHA UJENZI. Ujenzi wenyewe ni banda la kuku, mitetea wanne na jogoo mmoja asiyejua saa.

Sina ugomvi na ukaguzi. Kibali cha ujenzi kipo kisheria, na anayejenga juu ya mtaro wa maji akibomolewa nitapiga makofi. Ila nataka kujua nani kaomba nikaguliwe. Jirani yangu kajenga fremu za maduka mpaka zimemeza njia ya waenda kwa miguu, na ukuta wake ni mweupe pee. Jumapili hucheza bao na mheshimiwa diwani. Labda ni bahati tu.

Nikaenda ofisi ya halmashauri. Getini nikaandikishwa kitabu cha wageni: jina, ninakotoka, namba ya simu, ninayemwona, sababu, saa, sahihi. Kalamu imefungwa kamba fupi kiasi kwamba unatia sahihi kama unayesujudu. Ndani, afisa akaniambia kwa upole, "Mzee wangu, haya ni maelekezo kutoka juu."

Juu wapi? Jengo lenyewe halina ghorofa.

Akanong'ona kwamba mheshimiwa alipiga simu. Mheshimiwa yupi? "Mzee, usiniponze, nina watoto wanasoma."

Yaani mimi niliyekwenda kuuliza nimejaza safu saba, na aliyetuma watu wenye rungu na kopo la rangi hajaandikwa popote! Diwani akisema neno kwenye Baraza la Madiwani, linaingia kwenye muhtasari. Simu yake haina muhtasari. Jirani aliyelalamika afichwe jina, sawa, tusije tukarogana bure. Diwani ni mtu wa umma; akiomba mtu akaguliwe, iandikwe nani kaomba, lini, kiwanja kipi, kwa kosa gani, na mkaguzi alikuta nini. Kama shida ni kitabu, kile cha getini kina kurasa tele.

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaipa halmashauri siku 30 kunijibu. Barua ya kuuliza nani kaagiza nimeipeleka masijala. Dada aliyeipokea akaisoma yote, akagonga muhuri, akaniinulia macho: "Mzee, nani kakutuma?"

Baraza hukutana kila robo mwaka, na mwananchi anaruhusiwa kuketi kusikiliza. Nawe uliyepigwa rangi ukutani bila kuambiwa nani kaagiza, njoo tukae wote.