Wametoa Taa ya Ukungu

Mpwa wangu alitoka Dar es Salaam na Subaru Impreza ya bluu yenye tundu juu ya boneti, akaiegesha chini ya mwembe wangu hapa Tingi, akasema shikamoo mjomba, na kabla sijamaliza kuitikia akaniambia amekuja kufunga oili kula, yaani kipoza oili.

Nikamuuliza, gari linachemsha? Halichemshi. Linakula oili? Halili. Limewahi kunoki? Mjomba, Mungu apishie mbali. Sasa unataka kupoza nini? Akasema ni kwa ajili ya treki.

Kwa wasioijua, treki ni kiwanja cha lami iliyopindapinda, unalipa kiingilio, unakimbiza gari roho mkononi, kisha unarudi palepale ulipoanzia. Mashindano ya magari ninayoyajua mimi hapa nchini ni ya vumbini, Iringa, Morogoro, Arusha huko. Hii ya lami anayoitaka yeye iko Kenya, uwanja wa Whistling Morans kule Athi River. Chukua ramani uone Tingi ilipo, huku kwetu wilaya ya Nyasa, halafu uone Athi River ilipo. Kati yao kuna Tanzania karibu yote na mpaka wa nchi. Na Dar mafundi wamejaa. Kwa nini basi gari la kukimbia Kenya lije kufungwa kifaa uani kwangu? Kwa sababu Dar fundi anataka hela kwanza, na Tingi kuna mjomba aliyeuza kahawa.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kijana ana hoja. Ningependa sana awe mjinga mtupu, ningelala usingizi. Mimi nimeanza maisha ya barabara nikiwa utingo, nikamalizia nimeshika usukani wa Scania, na Scania lilikuwa linatoka kiwandani na kipoza oili chake, hakuna aliyekwenda kulinunulia dukani. Najua oili inafanya nini. Watu wanaangalia ule mshale wa joto kwenye dashibodi, wanauona umetulia katikati, wanapiga mluzi. Ule mshale ni wa maji. Maji yana rejeta, yana feni, yana thamostati, yatakaa kwenye nyuzi 90 hata gari likipigwa moto. Oili ndiyo inayopita kwenye beringi za krenki, inaingia kwenye turbo iliyo nyekundu kwa joto, inarushwa chini ya pistoni, na hakuna anayeiuliza hali. Ukikanyaga mafuta mpaka sakafuni mizunguko kadhaa bila kupumzika, maji yatakuwa bado 90 na oili imeshafika 130 na inaendelea. Hapo inakuwa nyepesi, presha inashuka, chuma kinakutana na chuma mwenzake, na injini ya Subaru ya kulala ubavu haina subira kabisa katika jambo hilo. Itanoki mchana kweupe.

Kwa hiyo nikamuuliza swali moja tu: oili yako huwa inafika nyuzi ngapi?

Hajui. Gari halina geji ya oili. Ameagiza kipoza, ameagiza mipira iliyosukwa kwa waya, ameagiza nati za rangi ya zambarau zinazong'aa kama hereni, lakini kile kidude cha kumwambia kama ana tatizo au hana, hicho hakuagiza. Nikamwambia wewe ni mgonjwa uliyenunua dawa bila kupima. Akacheka, akasema geji itakuja baadaye. Bei ya vile vitu aliponitajia nilitafuta pa kukaa.

Halafu vijana wanadhani mambo haya yameanza na wao. Huku kwetu Umatengoni mapadre walikuwa na Volkswagen kobe, zile za injini nyuma, na mle ndani kwenye njia ya feni kuna kipoza oili kimesimama wima tangu siku gari linazaliwa. Ile injini haina maji hata tone. Inaishi kwa upepo na oili. Ndiyo hiyohiyo iliyoshinda Safari Rally mwaka 1954, ikashinda tena 1957 na 1962, enzi ambazo mbio hizo zilizoanza 1953 zilikuwa zinapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Dereva Joginder Singh naye alishinda 1965 na Volvo iliyokwisha kutumika kwenye mbio za mwaka uliotangulia. Mtumba! Nilimweleza mpwa wangu hayo nikitarajia angalau aseme "kumbe." Alikuwa anapiga picha zile nati.

Fundi aliyeitwa ni huyu wetu wa hapa, bingwa wa Noah na pikipiki, mtu mwenye mikono mizuri na masikio ya kuchagua. Alitandika gunia la kahawa chini ya gari, akajilaza, akaomba karai. Karai la mke wangu. Katika nyumba hii kuna madebe, kuna ndoo iliyopasuka mdomo, kuna galoni tupu, lakini mafundi wa nchi hii, popote uendapo, wanaona karai la kufulia tu.

Kazi yenyewe ukiielewa si ngumu. Unafungua filta ya oili, unaingiza bamba la duara kati ya bloku na filta, bamba lina midomo miwili, oili inatoka mdomo mmoja, inakwenda mbele kwenye kipoza, inapigwa na upepo, inarudi kwa mdomo wa pili. Fundi alipofungua filta akakuta juu yake kitu kama kopo, kina mipira miwili ya maji. Akatangaza kutoka chini ya gari kwamba amegundua kasoro ya kiwanda, kuna spea imezidi. Ile haikuzidi. Ile ndiyo oili kula waliyoweka Wajapani wenyewe, ya kutumia maji: asubuhi maji yakipata moto yanaipasha oili, na oili ikizidi joto inaachia joto lake kwenye maji. Mpwa wangu hakuwa anajua kama gari lake tayari linayo. Nilimwangalia. Akaangalia mwembe. Nikasema hiyo haitoki, bamba lifungwe hapohapo, na nikavuta kiti nikakaa karibu kwa sababu sasa niliona hatari.

Hatari ikaja kwenye mipira. Mmoja wa ile iliyoagizwa ulikuwa mfupi. Fundi akaenda nyumbani akarudi na kipande cha mpira wa rejeta ya Fuso, kinene, kizuri kwa macho, na klipu mbili. Nikasema hapana. Akasema mzee, huu unahimili moto. Unahimili moto wa maji. Oili ya moto ikikaa ndani ya mpira wa maji inaulainisha, unavimba, unakuwa kama ulimi wa ng'ombe, na siku unapasuka oili yote inatoka kwa nguvu za pampu kabla hujauona mwanga wa ile taa nyekundu. Tukabishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe ikabidi atafutwe mtu wa kwenda Songea kubana mpira wa haidroliki, ule wa matrekta na magreda, ambao ndio unaojua oili ni kitu gani. Nauli nani katoa? Tusiulizane.

Na sasa nifike kwenye jambo lililonipa kichwa cha habari. Kipoza kinataka upepo. Mbele ya Impreza kuna kondensa ya kiyoyozi, nyuma yake rejeta. Ukikibandika hapo mbele, unaipelekea rejeta hewa iliyokwisha kupata moto. Afadhali kikae pembeni, nyuma ya bampa, na nyuma yake ukate njia ili hewa iliyoingia ipate pa kutokea, maana hewa isiyo na pa kutokea haiingii. Hilo fundi alilielewa vizuri. Akazunguka, akapima kwa mkono, akasema pahali papo, ni hapa penye taa ya ukungu. Akaing'oa.

Wanaoijua barabara ya kupanda Mbinga watanielewa kwa nini nilisimama. Kuanzia mwezi wa sita asubuhi huko juu unapita kwenye ukungu mzito kiasi kwamba unamsikia mtu wa bodaboda kabla hujamwona, na ukimwona umeshamfikia. Gari lote hili, lenye turbo, lenye bawa nyuma, kifaa kimoja ambacho kingemsaidia mwananchi wa huku ni ile taa ya ukungu, na ndicho kilichotolewa. Sasa iko kabatini kwangu, imefungwa kwenye gazeti. Nikahoji. Mpwa wangu akasema kule Athi River hakuna ukungu. Lakini Athi River bado hatujafika, bwana. Tuko Tingi.

Walipomaliza kufunga nikawazuia wasiwashe. Vijana wanajaza oili ileile lita nne na nusu walizozoea, wanasahau kipoza na mipira yake vinameza karibu lita nzima peke yao. Nikataka watoe fyuzi ya pampu ya petroli, wapige stata injini izunguke bila kuwaka mpaka taa ya oili izime, ndipo wawashe. Fundi alinung'unika kwamba namfundisha kazi. Ndiyo, nilikuwa namfundisha. Ikawaka, ikazimwa, stiki ikatolewa, ikaonekana oili imeshuka chini ya alama, wakaongeza. Hakuna aliyenishukuru.

Kisha nikapiga magoti na tochi. Kwenye nati ya zambarau ya mdomo wa kurudi kulikuwa na tone. Lilining'inia dogo, safi, rangi ya asali kwa sababu oili ilikuwa mpya. Nikalifuta kwa kitambaa, nikasubiri, likajiunda tena taratibu kutoka kwenye uzi wa nati, likanenepa, likadondoka. Fundi akasema hiyo ni jasho tu. Injini haitoi jasho. Akafungua, akakuta punje ya mchanga kwenye kikalio cha nati, akaisafisha, akakaza. Mchanga wa uani kwangu, akasema, kana kwamba ni mimi niliyemwalika.

Geji hatimaye ilipatikana, kwa hela ile mnayoijua, na asubuhi yake tukapanda kuelekea Mbinga kujaribu. Baridi kali. Mshale wa maji ukafika mahali pake upesi. Oili ikabaki nyuzi 55. Tukaenda, tukaenda, 60. Ndipo nikamuuliza fundi, aliyekaa nyuma amejifunika koti, lile bamba lina thamostati? Maana yapo ya aina mbili: yenye thamostati haipeleki oili kwenye kipoza mpaka ifike nyuzi 80 hivi, na isiyo nayo inapeleka wakati wote, iwe Januari au Julai. Fundi akasema walichagua isiyo nayo, ni rahisi kidogo, na hata hivyo nchi yetu ni ya joto. Alisema hivyo meno yakigongana.

Oili baridi nayo ni ugonjwa. Inakuwa nzito, haipiti vizuri, na ule unyevu unaotakiwa kuchemka utoke unabaki ndani. Ukifungua kifuniko unakuta ute kama maziwa ya mgando. Basi tukasimama kando ya barabara, tukaomba boksi la sabuni kwenye duka moja, nikalikata kwa kisu, nikalichomeka mbele ya kipoza. Ndivyo tulivyokuwa tunafanya na malori. Kwa hiyo naomba mwelewe hali ilivyo: tumenunua kifaa cha kupoza oili kwa bei ya kunifanya nitafute pa kukaa, tumetoa taa ya ukungu ili kikae, kisha tumekiziba kwa boksi la sabuni ili oili ipate moto, na gari linapita kwenye ukungu likiwa na jicho moja. Wakati wa kurudi, jua limeshatoka na boksi tumelitoa, nikaangalia geji kwenye ile milima: nyuma ya lori lililobeba saruji, gia ya pili, turbo inalia, oili ikapanda mpaka 112, kwa sababu kipoza bila mwendo hakina upepo na bila upepo ni pambo. Lori likatupisha, mwendo ukapatikana, ikashuka yenyewe hadi 95. Kifaa kinafanya kazi. Nalisema hili kwa shingo upande.

Kwa kuwa kilikuwa kinafanya kazi, mpwa wangu akataka twende mpaka ziwani Mbamba Bay, tukale samaki. Zamani hili ni jambo ungelifikiria mara mbili. Masika lori lilikuwa linalala njiani na abiria wake. Siku hizi kuna lami ya kilomita 66 kutoka Mbinga, na lami ndiyo inayowapa vijana mawazo. Akaishusha ile milima kama anafukuzwa, kona hii breki, kona ile breki, fundi nyuma anaomba dua za dini mbili. Mimi macho kwenye geji. Nyuzi 88. Safi kabisa. Oili haijawahi kuwa na raha kama ile.

Tulipofika chini nikasikia harufu. Magurudumu ya mbele yalikuwa yanatoa moshi, na ukikanyaga pedali inazama kama unakanyaga tope la mpunga. Tukakaa pembeni tukisubiri breki zipoe, ziwa liko palepale mbele yetu, samaki wanakaangwa, hatuwezi kwenda. Mpwa wangu akachuchumaa, akalitazama gurudumu kwa muda mrefu, akasema kwa treki atahitaji diski kubwa zaidi na kalipa za pistoni nne, zinapatikana used kutoka Japani. Kisha akanigeukia, kwa heshima zote, akaniuliza malipo ya pili ya kahawa yanatoka lini.