Hakuna Kombe, Mjomba

Northampton, Uingereza

Kwako Mjomba, na kwa wote mnaokaa barazani hapo Muyeye,

Mimi ni mzima, isipokuwa vidole, ambavyo baridi ya huku imevikatia tamaa.

Habari zimenifikia. Ile picha niliyomtumia binamu, nimevaa helmeti na kuegemea gari jekundu lisilo na paa, imeshatembea Maweni na Kisumu Ndogo, na kila ilipopita imetiwa chumvi. Wa kwanza alisema nimenunua gari. Wa pili akasema ni gari la mashindano. Wa tatu akaapa kwamba mimi na Lewis Hamilton tunapeana salamu asubuhi. Sasa naambiwa kamati ya harusi imeshanipangia mchango, na kiwango kimeandikwa kwa wino. Wewe ndiwe fundi, Mjomba. Nakuomba uwasomee barua hii kwa sauti, na ukifika kwenye bei, rudia.

Bei ni pauni 1,400. Fedha hiyo hainunui tuktuk mpya hapo Malindi, na tuktuk ingewabeba watu wengi zaidi. Gari hili lina viti viwili tu. Bibi yetu, Hawe, alipouliza kwenye simu, "Na sisi wengine tutakaa wapi?" sikuwa na jibu la heshima. Kwa hiyo mchango wa harusi nitautoa kwa kiwango cha mtu asiyemiliki hata tuktuk.

Lenyewe ni Mazda MX-5 ya mwaka 1991. Wajapani walilitoa mwaka 1989, baada ya kuyatazama sana yale magari madogo ya wazi ya Waingereza ya miaka ya 60, mazuri kwa sura na mabaya kwa kumwaga oili. Wakachukua sura, wakaacha kumwaga oili. Injini yake ni ya lita 1.6, ya ukoo mmoja na ya Mazda 323 ambazo umezifungua na kuzifunga mpaka ukachoka. Uzito wake haufiki tani moja. Kwa kuwa yameundwa zaidi ya milioni moja, vipuri vya mtumba vimejaa kila pembe, na mtu wa mshahara wa ghala kama mimi anaweza kulilisha.

Sasa hayo mashindano. Hakuna. Huku mtu analipa ada, pauni mia na zaidi kwa siku, anaingia na gari lake kwenye uwanja wa mbio, anazunguka kwa kasi anayoiweza, anarudi pale pale alipoanzia. Hakuna mshindi wala kombe. Hata kujipima kwa saa ni marufuku, maana saa ikiingia tu, watu wa bima wanayaita mashindano na mikono yao wanaitia mfukoni. Najua utauliza abiria anashukia wapi. Hashuki. Tunachoma petroli, tunakula tairi, tunarudi nyumbani tukiwa maskini na wenye furaha.

Nilipokwenda kulikagua, boneti niliifungua mwisho. Sisi Muyeye chumvi hutufuata yenyewe na upepo wa bahari. Hawa wenzetu huinunua, huipakia kwenye malori na kuimwaga barabarani usiku wa baridi ili barafu isigande, halafu wanashangaa magari yao yanaliwa na kutu. Nikalala matopeni nikagongagonga bodi chini ya milango, karibu na gurudumu la nyuma, mahali ambapo gari hili huanzia kuoza. Upande wa kulia chuma kililia sawasawa. Upande wa kushoto bisibisi ilizama mpaka kwenye mpini. Muuzaji akaanza kutazama mawingu. Nilipoinuka sikusema kitu. Nilimwonyesha tu bisibisi ilivyosimama peke yake. Pauni 400 zikaondoka hapo hapo, nazo ndizo zilizomlipa mtu wa kuchomelea.

Halafu kazi ikaanza, na ya kwanza ilikuwa kupunguza. Gari jepesi linakimbia vizuri, linakata kona vizuri na linasimama mapema, na kutoa kitu ni bure. Nimetoa tairi la akiba, jeki, zulia, redio na spika zake. Najua kuna mitaa ambako ungeliacha nje usiku mmoja na kazi hiyo ikafanywa na watu wengine kabla ya alfajiri. Kitu kimoja tu kizito nilikiongeza, lile bomba la chuma nyuma ya viti, la kukinga vichwa gari likipinduka. Gari lisilo na paa bila bomba hilo, viwanja vingi havikufungulii lango. Nimelipata la mtumba.

Vijana wa hapo nyumbani wangeanzia kwenye rimu. Hata huku wapo. Utamkuta kijana ameweka egzosi ya kuamsha wafu, rimu za kung'aa na bawa la nyuma linalotosha kuanikia nguo, lakini breki ni zile alizouziwa nazo. Mimi nimefuata ile kanuni yako ya gereji: kwanza lisimame, kwenda litakwenda tu.

Hapa Mjomba tuzungumze kifundi. Ukishuka kutoka kilomita 160 kwa saa mpaka 60, na dakika haijapita unashuka tena, na tena, kasi yote ile inageuka joto. Joto linaingia kwenye diski, kwenye pedi, mwisho kwenye mafuta ya breki. Mafuta mapya ya DOT 4 hayatakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 230. Lakini mafuta hayo yana kiu: hunyonya unyevu wa hewa mwaka baada ya mwaka, na yakishalowa kiwango chake kinashuka hadi nyuzi 155. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabanika. Unakanyaga, pedeli inakwenda mpaka sakafuni, na gari linaendelea na safari zake.

Nilipoyafungua ya gari hili, yalitoka yakiwa meusi kama chai ya rangi iliyolala jikoni. Mapya huwa karibu na rangi ya maji. Kutoa hewa ni kazi ya watu wawili, nami niko peke yangu, ikabidi nimwombe mama mwenye nyumba, bibi wa miaka sabini na kitu, akae kwenye kiti cha dereva. Mimi chini na spana na mpira, yeye juu na miguu yake. "Kanyaga! Shikilia! Usiachie! Haya, achia!" Tukaanza na gurudumu la mbali, tukamalizia la karibu. Jirani akatoka nje kuuliza kama kuna mtu anajifungua.

Pedi nimeweka za kuhimili joto, na tairi nne za mtumba zenye meno ya kutosha. Oili mpya, maji mapya, nati za magurudumu zimekazwa kwa spana ya kipimo. Basi. Injini sijaigusa.

Uwanja wenyewe uko Snetterton, mkoa wa Norfolk. Zamani ulikuwa uwanja wa ndege za vita, na ndivyo vilivyo vingi huku, hata Silverstone. Vita vilipokwisha wakabaki na lami ndefu isiyo na kazi, wakaanza kuizunguka na magari.

Asubuhi anakuja mzee na kidude cha kupimia kelele, anakichomeka karibu na egzosi. Kipimo cha kawaida ni desibeli 105. Ukizidisha unarudi nyumbani. Nikazifikiria matatu zetu za Mombasa nikacheka peke yangu. Halafu mnaingizwa darasani mnasomewa sheria: mikono ifunikwe, bendera nyekundu maana yake hivi, ya manjano hivi. Kupita gari ni upande mmoja tu, na hupiti mpaka wa mbele akuruhusu kwa taa. Naam, Mjomba. Mtu yuko kwenye kasi ya kufa, anawasha indiketa kwa adabu, mwenzake anapita, na wanapungiana mikono. Nimeona heshima zaidi kwenye uwanja huo wa mbio kuliko katika mzunguko wowote wa magari huko kwetu.

Nililipia mwalimu wa nusu saa, na pesa hiyo imenipa mwendo kuliko kipuri chochote. Alinifundisha kumaliza breki gari likiwa bado limenyooka, niingie kwenye kona polepole nitoke mbio, na macho yatangulie kule ninakotaka kwenda. Nikajiona nimeiva. Kwenye kioo likatokea gari dogo la bluu. Nikawasha indiketa, nikapitwa na bibi mwenye mvi nyeupe pe, akanipungia mkono kwa huruma.

Breki hazikulegea hata mara moja. Baada ya kila mizunguko michache unapoza gari kwa mzunguko wa polepole, kisha unaliegesha ndani ya gia bila hendibreki, maana pedi za moto zikibanwa kwenye diski ya moto zinaharibiana.

Usidhani nimesahau masomo yako. Wewe ndiwe uliyetusimulia jinsi Joginder Singh, fundi kama wewe, na ndugu yake Jaswant walivyoshinda Safari Rally mwaka 1965 kwa Volvo ya mtumba. Na jinsi mwaka 1973 Shekhar Mehta na Harry Källström, wote kwenye Datsun, walivyomaliza na adhabu sawasawa, ushindi akapewa Mehta kwa kuwa alikwenda mbali zaidi kabla ya kuadhibiwa. Wale hawakuwa na lami kama hii. Walikuwa na matope, twiga na usiku. Lakini wewe ulikuwa unasisitiza jambo moja, kwamba gari linaloshinda ni lile linalofika. Huku wazungu wanalipia kozi kuambiwa hivyo.

Binamu anaomba nikichoka nalo nilipeleke nyumbani. Mweleze kwamba gari la mtumba linaloingia Kenya lisizidi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Hili lina miaka mingi kuliko yeye mwenyewe. Halipiti bandari ya Kilindini hata likivaa helmeti.

Sasa zamu yako. Ile Probox, tangu uinunue, nimekuona ukiongeza tu mafuta ya breki kila yanapopungua. Yale ya chini ni ya lini? Na hewa ya Muyeye ilivyo na unyevu, nadhani umebeba maji ya kutosha kupikia. Ukiwa Malindi tambarare hutajua. Utajua siku umejaza watu kwenda matangani Kaloleni, mnateremka, na pedeli inakwenda sakafuni. Usiongeze, Mjomba. Yamwage yote, tia mapya, toa hewa magurudumu yote manne. Kanyagiwa na Hawe kama mguu bado una nguvu.

Pesa ya mafuta hayo nimetuma leo kwenye simu ya shangazi. Ingepitia kwa binamu ingekufikia ikiwa rimu.

Wasalaam,

Mpwa wako