Mafuta kwa Mkono wa Kushoto

Aliyebuni pikipiki hakuwa na shemeji kama wangu. Mafuta aliyaweka kulia, breki ya mbele akaiweka hukohuko kulia, halafu mkono wa kushoto akauachia klachi, honi na kazi ya kupungia watu. Mume wa dada yangu aliuzoea mpango huo tangu akiendesha Uvira, Kongo, mpaka masika moja alipoteleza kwenye tope na mfupa wa kifundo cha mkono wa kulia ukaunga vibaya. Vidole vyake vizima, breki anaikamata bila shida. Kinachogoma ni kifundo, hakikunjiki kwenda nyuma, na pikipiki isiyokunjiwa kifundo haiondoki. Kila alipotaka kuvuta mafuta ilimbidi anyanyue kiwiko mpaka usawa wa sikio, na abiria wa nyuma wakawa wanajikinga uso.

Dawa ilitoka Kanada. Hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, ukoo usio na mtu Kanada, Marekani au Australia ni wa kuhesabu, na wetu tunaye mdogo wake shemeji. Akatuma video ya chombo ambacho sisi tuliishia kukiita pikipiki ya theluji. Hakina magurudumu, mbele kina mbao mbili za kuteleza, nyuma mkanda mpana kama wa tingatinga. Kule Quebec bwana mmoja, Joseph-Armand Bombardier, alianza kuuza vidogo vya aina hiyo mwaka 1959 kwa jina la Ski-Doo, na leo watu wanavipandisha milimani kwa starehe tu, bila mzigo wala abiria. Mafuta yake hayazungushwi, yanasukumwa kwa kidole gumba cha kulia. Sasa wale wanaokata mteremko kwa ubavu, miguu yote miwili upande mmoja wa chombo, huongeza kidude cha pili cha mafuta upande wa kushoto, ili wakining'inia huku au huku wasikose cha kusukuma. Wanaweza, kwa sababu chombo hicho hakina klachi ya mkono. Nguvu inapita kwenye mkanda unaojirekebisha wenyewe, na kushoto kumebaki breki peke yake.

Shemeji hakuona theluji, mlima wala mkanda. Aliona kidole gumba.

Tukampelekea fundi wetu, kijana wa Kirundi ambaye karakana yake ni mwembe na sanduku la spana. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994 kwa watu elfu 10 au 12, na sasa tumepita elfu 50, kwa hiyo fundi hawezi kulegeza boliti moja bila mashahidi. Mzee mmoja aliyewahi kuendesha malori kati ya Bujumbura na Kigoma alitangaza kwamba kushoto ni kwa klachi tangu dunia iumbwe. Sikutaka kumvunjia heshima, lakini Wamarekani wa kampuni ya Indian waliuza pikipiki zenye mafuta kushoto kwa miaka na miaka, na polisi wao wakazipanda, na dunia ikaendelea kuzunguka.

Fundi alikuwa na mtihani mmoja wa kweli. Kwenye kabureta kuna kipande kinachopanda na kushuka, na waya unaokivuta ni mmoja. Wewe unataka mikono miwili ikivute, kila mmoja kwa wakati wake, bila kugombana. Ukizifunga nyaya mbili pamoja tu, wa kulia ukivuta wa kushoto unalegea na kuchomoka kwenye kitako chake. Alichofanya kijana yule nakisifu mpaka leo. Alikata pampu ya baiskeli iliyokufa, ndani akaacha kipande cha pistoni yake kinachoteleza, akaingiza nyaya mbili upande mmoja na kutoa mmoja upande wa pili. Yeyote atakayevuta, kipande kinasogea. Asiyevuta anakaa kimya. Na kule kwenye usukani, karibu na klachi, akafunga kidude cha kubadilishia gia cha baiskeli ya zamani. Vidole vinne vya shemeji klachi, kidole gumba mafuta.

Tatizo la kidude kile ni kwamba baiskeli inataka gia ikae pale ulipoiweka. Hiyo ndiyo kazi yake, na kiliifanya kwa uaminifu. Tulipotoka kujaribu, mimi nyuma, shemeji alisukuma kidole gumba, pikipiki ikaondoka kwa adabu, akafurahi, akaondoa kidole ili aamkie mama mmoja mwenye ndoo. Pikipiki ikaendelea na mwendo uleule. Tulimpita yule mama, tukawapita wauza mandasi, tukampita mteja aliyetunyooshea mkono, naye akaturushia maneno ya Kichewa ambayo nashukuru siyajui yote. Shemeji alipofinya klachi injini ikalia kama inachinjwa, akaiachia haraka kwa huruma. Ilibidi azime kwa ufunguo.

Fundi hakushtuka. Akalegeza kile kiskurubu kinachokibana kidude, kidogo, kidogo tena, mpaka springi ya kabureta ikapata nguvu ya kukirudisha. Ukiachia, kinarudi. Mashahidi wakapiga makofi, na mzee wa malori akasema ndivyo alivyokuwa akishauri.

Basi tukaenda mji wa Lumbadzi kutia mafuta.

Barabara kuu, ile M1 inayopeleka watu Kanengo na Lilongwe mjini, haina shida, maana imenyooka. Shemeji alikuwa anaendesha kiwiko chini, anaimba. Hata mimi nilianza kuangalia ndege zinazoshuka uwanja wa Kamuzu. Tukafika kwenye kituo cha mafuta. Siku hizo petroli ilikuwa imeadimika nchi nzima. Foleni ilitoka kituoni ikapinda mpaka njiani, magari, pikipiki, na madumu yaliyopangwa kwa zamu huku wenyewe wamekaa kivulini. Nia yetu ilikuwa kukata kulia na kujiunga mkiani, kama watu waliolelewa.

Hapa nieleze jambo la waya. Waya wa mafuta unapita kando ya shingo ya usukani. Ukiwa mfupi, au umefungwa mahali pabaya, ukikunja usukani upande mmoja ganda linavutika, na waya wa ndani unavutika nalo bila mkono wa mtu. Wetu ulikuwa umekazwa sawasawa, maana fundi yule ana fahari yake, na kwake waya uliolegea ni kama suruali iliyolegea. Shemeji akakunja kulia. Pikipiki ikaongeza mwendo. Akashtuka, akakunja zaidi ili aukwepe mkia wa foleni. Ikaongeza tena. Tukaizunguka foleni yote kwa upinde mzuri ambao hata kwa kukusudia tusingeuweza, tukapita katikati ya madumu bila kugusa hata moja, na aliponyoosha usukani, injini ikatulia yenyewe, tairi la mbele liko mbele ya pampu.

"Mzere! Mzere!" Yaani, foleni! Foleni nzima ilisimama. Watu walikuwa pale tangu alfajiri.

Shemeji akawa anasema "pepani, pepani," yaani samahani, huku akionyesha kifundo chake, halafu kidole gumba, halafu pampu ya baiskeli. Jaribu kuwaeleza watu waliolala na dumu kwamba waya ndio umekuleta mbele yao. Mwanamume mmoja, mpole kuliko wengine, aliinama akakiangalia kile kidude cha gia kwa muda mrefu, kisha akauliza kama kinauzwa. Tulisukuma pikipiki mpaka mkiani kabisa, na jioni petroli ikaisha kabla ya zamu yetu.

Marekebisho yenyewe yalichukua muda mfupi kuliko kelele za mashahidi. Fundi alifungua ganda la waya, akalipitisha upande wa pili wa shingo, akaliacha na mkunjo wa kutosha. Halafu akazungusha nati ya kurekebishia mpaka kidude kikawa kinacheza kitupu kwa unene wa njiti ya kiberiti kabla ya kuanza kuvuta, na upande wa kulia vivyo hivyo. Ilimuuma. Akawasha injini bila kugusa mafuta, akakunja usukani kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, sikio limeelekea kabureta. Mlio haukubadilika. Ni jaribio ambalo kila mwenye pikipiki anaweza kulifanya nyumbani, hata mwenye mikono miwili mizima, na linafaa kufanywa kabla ya kufika kwenye foleni.

Sasa shemeji anabeba abiria kama zamani na kiwiko kimeshuka. Habari zikaenea, na wiki iliyofuata akaja kijana wa kabaza, pikipiki za abiria, mzima wa afya, anataka kidude kama kile. Mkono wa kulia, alisema, anauhitaji kwa simu.

"Na breki ya mbele utaishika na nini, mdogo wangu?" fundi akamuuliza.

Kijana akatuangalia sote, mmoja baada ya mwingine, kutafuta mzaha uko wapi. Fundi akainama kwenye tairi lake la mbele, akainuka, akazunguka nyuma. Waya wa breki ya mbele aliukuta huko, mpya kabisa, umefungia kreti ya soda kwenye keria.